Koti Lililopimwa kwa Kilo

Jirani zangu, sogeeni, lakini aliyekuja kutafuta kicheko na atafute mlango mwingine. Habari hii ni ya nyumba moja iliyokuwa na amani, na amani yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa, ya aina ile ambayo wenyewe hawaitambui mpaka iwe imekwisha kuondoka.

Jumamosi asubuhi nyumba hiyo ilikuwa hivi. Mama wa mwenye nyumba, fundi cherehani aliyewashonea watu kwa miaka arobaini mpaka vidole vikapinda, alikuwa ameketi dirishani penye mwanga, koti la mwanawe likiwa mapajani. Lilikuwa koti la kaki nzito, pamba tupu, mikono yake imeongezewa vipande vya ngozi na kola yake imeinuliwa ifunge shingo. Mwanawe alikuwa mchomeleaji wa vyuma, mtengenezaji wa mageti na madirisha, na koti hilo alikuwa amelivaa kazini miaka kumi na minne. Kila Jumamosi mama alitafuta matundu mapya yaliyochimbwa na cheche, akayaziba. Viraka vilikuwa vimepandana juu ya viraka, hata haikujulikana tena koti ni lipi na kiraka ni kipi.

"Mama, utazikwa na hilo koti," mwanawe alimtania huku akipuliza chai yake.

"Mimi nitazikwa na sanda kama wenzangu. Wewe kazi yako ni kutolivua."

Mkewe alicheka nao. Alikuwa mezani akisoma lebo ya blauzi, kwa umakini ambao watu wengine huuweka kwenye barua za mahakama. Kwa sababu hiyo mtaa ulimwita Bibi Lebo, na jina hilo halikumuudhi. Alikuwa karani wa mapokezi katika zahanati ya meno, mtu wa mpangilio, mwenye mwandiko safi na huruma ya kweli.

Nasema huruma ya kweli kwa kuwa sitaki mumdharau mapema. Jambo lake lilianza vizuri. Mvua moja ilipojaza mtaro wa mtaa, aliona mifuko ya plastiki imeziba maji mpaka yakaingia katika nyumba za watu, naye akaapa kutobeba mfuko wa plastiki tena. Akanunua mfuko wa kitambaa. Mtu mwenye mfuko mmoja wa kitambaa ameitendea dunia hisani. Bibi Lebo, wakati wa habari hii, alikuwa na mifuko kumi na mmoja, kila mmoja ukiwa na maandishi ya kuwasihi watu wapunguze matumizi. Baada ya mifuko zikaja blauzi za mianzi, ndala za matairi, hereni za vizibo, miwani ya fremu ya mbao, na gauni la kitani lililovuka bahari mbili likiwa ndani ya karatasi, ndani ya nailoni, ndani ya sanduku. Kwa mujibu wa lebo zake, dunia ilikuwa imeokolewa mara kumi na saba ndani ya kabati moja, na mlango wa kabati ulikuwa haufungiki.

Mama mkwe alizishika nguo hizo moja moja zilipokuwa zikiingia, akazisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akazirudisha bila neno. Mara moja tu alisema.

"Mwanangu, hii ya mianzi ni nzuri. Lakini uliyokuwa nayo ilikuwa na ubaya gani?"

"Mama, ile haikuwa rafiki wa mazingira."

"Ilikuwa imekukosea nini, mpaka ukavunja urafiki?"

Bibi Lebo alitabasamu kwa adabu. Alimpenda mama mkwe wake, lakini aliamini kwamba wazee hawajui mambo ya dunia, kana kwamba dunia imefika jana.

Jumamosi hiyo hiyo simu yake ikalia. Duka alilolipenda, lile lenye mbao zisizopakwa rangi na mimea iliyoning'inizwa darini, lilikuwa limetangaza Wiki ya Mizani. Leta nguo zako za zamani, ujumbe ulisema, tutazipima. Atakayefikisha kilo tano atapewa mkoba wa ngozi ya mananasi, pamoja na koti la mtindo kama zawadi kwa ampendaye.

Mkoba huo aliujua. Msaidizi wa daktari pale zahanati alikuwa nao, na kila asubuhi aliutundika nyuma ya mlango, lebo ikitazama nje ili hata mwenye jino bovu asikose kuisoma. Bibi Lebo alikuwa ameutazama kwa wiki tatu. Hakuna aliyemwona, ila mimi ninayesimulia, na sasa ninyi.

Alikusanya. Zikatoka sketi, mashuka, sweta za kufumwa. Akapima kwa mizani ya jikoni, kidogo kidogo, na jumla haikufika hata kilo tatu na nusu, kwa maana nguo za kuokoa dunia ni nyepesi sana. Alizunguka nyumba akitafuta uzito. Uani, kwenye kamba, koti la kaki lilikuwa limeanikwa baada ya kufuliwa, limetuna kama mtu aliyesimama. Alilishika. Lilikuwa zito kuliko nguo zote walizokuwa nazo.

Methali ya kutotupa mbachao kwa msala upitao aliijua. Shuleni aliulizwa maana yake katika mtihani, akapata alama zote. Ni jambo la kusikitisha kwamba methali hukaa zaidi kichwani kuliko mkononi.

Jumapili mchana, mama mkwe akiwa amelala na mumewe akiwa amekwenda kupima lango la shule moja, Bibi Lebo alilikunja koti, akalitia katika mfuko wa kitambaa ulioandikwa "Tumia Ulichonacho", akaondoka.

"Ooh, hili limeishi!" muuzaji alisema, akilinyanyua koti kwa vidole viwili. Alikuwa msichana mchangamfu mwenye aproni ya kijani. "La nani?"

"La mume wangu. Ameshalichoka."

"Litapata maisha mapya, dada. Sisi hatutupi kitu." Akaliweka juu ya mizani, na mshale ukapita tano. "Hongera! Sasa mchagulie na shemeji zawadi yake. Hili la buluu la kazi linapendwa. Limetengenezwa kwa chupa thelathini na sita za plastiki. Hebu fikiria, chupa thelathini na sita zilizokuwa ziende mtaroni!"

Bibi Lebo aliukumbuka mtaro, na moyo wake ukatulia. Koti lilikuwa la buluu iliyoiva, laini, lenye mifuko minne na zipu ya kupendeza. Ndani ya kola palikuwa na lebo kubwa ya kijani: CHUPA 36 ZIMEOKOLEWA. Njiani alifikiria jinsi mumewe atakavyocheka akijua amevalishwa chupa. Alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha wake ungeweza kudumu wiki nzima. Basi akakaa kwenye benchi, akatoa kimkasi cha kucha, akaikata lebo ile, akaitia ndani ya mkoba mpya. Mwanamke aliyekuwa akisoma lebo zote za dunia aliikata moja tu, na ndiyo iliyokuwa na kazi.

Jumatatu asubuhi mumewe alisimama uani akitazama kamba tupu.

"Koti langu liko wapi?"

"Lile limechoka, mume wangu. Nimekubadilishia." Akamletea la buluu, akamshikia alivae. "Tazama! Leo utaonekana kama mhandisi."

"Wahandisi hawachomelei, wanaonyesha kwa kidole." Aliinua mikono, akajinyoosha, akajitazama. Likampendeza, na alipenda kuona mkewe anafurahi. Kisha akashika ukingo wa koti, uso ukabadilika kidogo. "Ni pamba hii?"

Hapo, jirani zangu, ndipo nyumba ilipokuwa imesimama juu ya neno moja. Angesema "ni chupa", mumewe angelivua palepale, angeuliza la zamani liko wapi, na ingembidi aseme kwamba limepimwa kama viazi ili yeye apate mkoba. Angeaibika kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

"Pamba tupu," akasema.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Alikuja polepole, akasugua mkono wa koti kwa vidole vyake vilivyopinda. Akausugua tena.

"Niletee kiberiti," alisema. "Na unipe uzi mmoja wa ndani ya pindo."

Hii ilikuwa desturi ya kazi yake. Fundi wa zamani hakumwamini muuza vitambaa. Kabla ya kununua alichomoa uzi, akauwasha. Uzi wa pamba hunuka kama karatasi inayoungua na huacha majivu yanayopeperuka. Uzi wa plastiki hujikunja, ukayeyuka, ukawa shanga nyeusi ngumu inayong'ang'ania kidole. Ni kipimo cha nusu dakika.

"Mama, jamani!" Bibi Lebo alivuta mkono wa koti. "Nguo haijavaliwa hata siku moja, unataka kuiunguza?"

"Uzi mmoja, mwanangu. Sitaki hata mrefu."

"Huniamini? Nimesema pamba."

Mumewe aliingia kati, kama wanavyoingia wanaume wanaochelewa kazini. "Mama, mkweo huyu anasoma hata lebo za biskuti. Hawezi kukosea koti." Akachukua kofia yake ya kuchomelea, akatoka. Mama mkwe alibaki ameshika kiberiti alichokwenda kujichukulia mwenyewe. Alikitazama, akakirudisha jikoni bila kukiwasha.

Siku hiyo mkoba wa ngozi ya mananasi ulitundikwa nyuma ya mlango wa zahanati, karibu na ule mwingine. Mgonjwa mmoja aliusifia. Bibi Lebo alikuwa akimweleza habari za majani ya mananasi, saa tano na kitu, alipoingia fundi mpaka rangi wa karakana ya mumewe, yule aliyeyapaka mageti baada ya kuchomelewa. Mikono yake ilikuwa na rangi nyekundu ya kuzuia kutu, hata watu waliokuwa wakingoja wakafikiri amekuja kwa ajali yake mwenyewe.

"Shemeji, funga daftari twende."

"Kuna nini?"

"Twende kwanza."

"Niambie!"

Mpaka rangi aliegemea meza ya mapokezi. "Alikuwa akichomelea bawaba ya juu, lile lango la shule. Kichwa amekiinua. Cheche ikadondokea begani, akaipiga kwa mkono kama siku zote. Shemeji, siku zote inatoboka tundu, basi. Leo halikutoboka. Liliyeyuka. Likashuka shingoni na kifuani kama uji. Tulimmwagia maji. Nikavuta koti nimvue..." Akaitazama mikono yake. "Halikutoka lenyewe."

Hospitalini mama mkwe alikuwa amekwisha kufika. Mtaani habari mbaya haingoji gari. Muuguzi alitoka kwenye chumba cha majeraha, daftari mkononi, akiwa na haraka ya mtu anayefanya kazi ya watu watatu.

"Nani mke wake? Alivaa nguo ya aina gani? Daktari anataka kujua ni nini kilichoganda kwenye ngozi."

"Pamba," alisema Bibi Lebo. Lilitoka lenyewe. Uongo uliosemwa mara moja hupata njia yake, kama maji.

"Pamba haigandi, mama," muuguzi alisema bila ukali. "Nakuuliza tena."

Mama mkwe hakumtazama. Aliutazama mkoba. Bibi Lebo akaufungua, akatafuta ndani, akaitoa lebo ya kijani. Muuguzi aliisoma kwa sauti, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kusoma kila kitu ili kisikosewe.

"Chupa thelathini na sita zimeokolewa." Akaandika. Akamrudishia lebo, akaingia ndani.

Mchomeleaji hakufa. Hilo nalisema mapema ili asiwepo wa kuniambia kwamba natisha watu. Alilala hospitalini wiki tisa. Walimbandua koti kipande kwa kipande, wakamhamishia ngozi ya paja lake shingoni. Siku aliyoweza kuzungumza kwa sauti ya kueleweka, mkewe alikuwa ameketi kando ya kitanda akimlisha uji kwa kijiko.

"Ulijua?" alimuuliza.

Bibi Lebo alikiweka kijiko chini. "Nilijua ni chupa. Sikujua kwamba chupa hufanya hivyo. Wallahi sikujua."

Mumewe alingoja mpaka akapata pumzi.

"Mimi ningejua," alisema. "Ndiyo maana nilikuuliza."

Hakurudia neno hilo tena maishani mwao, wala hakuhitaji kulirudia.

Alhamisi iliyofuata mwanamke huyo alikwenda dukani kutafuta koti la kaki. Hakujua atalifanyia nini. Muuzaji wa aproni ya kijani hakumkumbuka. Alipobanwa kwa maswali akamwelekeza nyuma ya jengo, kwenye ua ambao wateja hawafiki. Huko, maisha mapya ya nguo zote zilizopimwa yalikuwa lundo lililonyeshewa, lenye ukungu, refu kupita mtu. Mzee mmoja mwenye reki alikuwa akilisukuma kuelekea lango.

"Unatafuta nini, binti yangu?"

"Koti la mume wangu. Hizi zinapelekwa wapi?"

"Zipelekwe wapi tena? Gari la taka limechelewa wiki nyingi, linakuja leo saa nane. Jalalani tunazimwagia mafuta, tunachoma. Moshi wake, usiombe."

Alichimba kwa mikono. Sweta zake alizikuta, akaziacha. Koti lilikuwa chini, limelowa, zima. Lilikuwa limenusurika na cheche za miaka kumi na minne, na sasa likanusurika na uokoaji. Alipopita mbele ya duka akiwa amelibeba kifuani, msichana mwingine mwenye aproni alimwita kwa furaha.

"Dada, unaleta kupima? Wiki ya Mizani tumeiongeza!"

Alivuka barabara.

Mama mkwe alilifua mara tatu. Akalianika, akaketi nalo dirishani, akatafuta matundu, akayaziba. Mwanawe alikuwa amekwisha kurudi nyumbani, na koti lilimtosha kama zamani, lakini mkono wake wa kulia haukupanda tena kupita bega. Ngozi ya shingo ilikuwa imekaza, ikimlazimisha kutazama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza kitu. Lango huchomelewa kwa mikono iliyoinuliwa na kichwa kilichoinuliwa. Mtu asiyeweza kuinua vyote viwili ana ufundi kichwani tu, na ufundi wa kichwani haushiki chuma.

Karakana ikapita kwa mpaka rangi, aliyekuwa amejifunza kuchomelea kwa kumtazama. Siku alipokuja kuaga kwa heshima, mama mkwe alimletea koti likiwa limekunjwa vizuri.

"Mama, hili ni la fundi," alisema, akirudi nyuma.

"Ni la kazi," mama akajibu. "Kazi imehama, nalo lihame. Na uniletee kila Jumamosi."

Siku hiyo jioni Bibi Lebo aliingia jikoni, akachukua kiberiti. Alichomoa uzi wa mkoba wa ngozi ya mananasi, akauwasha. Ukajikunja, ukayeyuka, ukawa shanga nyeusi. Nanasi halikuwamo. Akaleta blauzi. Akaleta hata mfuko mmoja wa kitambaa. Alichoma uzi baada ya uzi mpaka meza ikajaa shanga, na katika kabati lote nguo moja tu iliacha majivu. Lilikuwa shuka la zamani, lililopindwa upya na mama mkwe mara nne, ambalo alikuwa amelisahau chini kabisa, kwa kuwa halikuwa na lebo.

Kila asubuhi, akielekea zahanati, hupishana na koti la kaki likienda kazini mgongoni mwa mtu mwingine. Mpaka rangi humwamkia, "Shikamoo, shemeji," ingawa wamelingana umri. Naye huitikia, akitazama viraka.

FUNZO

Wapo watakaotoka hapa wakisema kwamba nimekataza watu kuihurumia dunia. Mtaro wetu bado umeziba, na wa kwanza kuuzibua nitampa mkono. Ninachosema ni kwamba huruma haiuzwi dukani, na anayeiuza kwa kilo anapunja. Nguo iliyo rafiki wa mazingira kuliko zote ni ile uliyo nayo, iliyotobolewa na kazi yako na kuzibwa na mtu anayekupenda. Haina lebo kwa sababu haikujitembeza kwako, kizuri chajiuza.

Kabla hujatoa kitu cha mwenzako, muulize kinamfaa nini. Uzito wake kwenye mizani hautakwambia. Mzee akikuomba uzi mmoja na kiberiti, mpe. Hasara ya uzi inalipika.

Na uongo mdogo wa kuficha ununuzi haupo. Ukubwa wa uongo hupimwa na atakayeuvaa. Mtu anayefanya kazi na moto akikuuliza nguo hii ni ya nini, mwambie kweli, hata kama kweli hiyo itakunyang'anya mkoba. Yeye hakuulizi habari za mtindo.